Misuko ya Orpa

Jumatatu moja ya Februari 1994, saa nne kasoro robo, Madame Eugénie alikuwa akichora waya ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Chaki zilikwisha tangu Novemba, na muhogo unaandika vizuri tu usipoliwa na wanafunzi. Alikuwa akiwafundisha watoto wa mwaka wa tatu wasiguse waya wa umeme, hasa kwa mikono yenye maji, hata kama wameambiwa umeme umekatika. Hapo Orpa akaingia, akaomba radhi kwa kuchelewa, akakaa mahali pake dirishani. Alikuwa amezikwa Ijumaa.

Madame alifungua rejista. Jina la Orpa alikuwa ameshalipiga mstari, basi akaliandika upya chini ya mengine.

Kila mtu alijua kilichomuua. Fundi Symphorien alikuwa amevuta waya mtupu kutoka kwenye nguzo hadi nyumba kumi na mbili za barabara yao, na ulipofika uani kwa kina Orpa ulikuwa umelegea hadi mtoto aweza kuufikia. Umeme ulikatika siku kumi na tisa. Akina mama wakaanika nguo juu ya waya, kama walivyofanya kila mara umeme ulipokatika. Orpa alitumwa kuanua sketi yake ya shule. Umeme ukarudi bila kubisha hodi.

Kabla ya mapumziko, misuko ya Orpa ilisimama wima.

"Madame," alisema, "courant inakuya."

Robo saa baadaye umeme ulirudi, taa ya ofisi ya mkurugenzi wa shule ikawaka. Tangu siku hiyo, misuko ikisimama, Madame aliwatuma watoto wanne wakimbie barabarani kuwaambia mama zao waanue. Jumapili Orpa alifanya kazi hiyohiyo kanisani, kwenye kiti cha nyuma. Hakuna mtoto mwingine aliyekufa, na hilo lazima lisemwe.

Orpa mwenyewe alikuwa ameeleza mapema: atakuja hadi waya ule utolewe, kisha atapumzika. Madame akamfuata Symphorien, ambaye msibani aliahidi kuuinua waya juu ya miti mirefu. Alimkuta anakula. Ngazi alikwisha kuiazimisha kwa mtu wa Kakanda.

"Madame, weye mwenyewe unaona," alimwambia kwa upole. "Orpa iko natuambia mbele ya courant kufika. Problème iko wapi?"

"Problème, mutoto alichoka."

Symphorien alikubali kwamba ni kweli, akamega bukari, ugali wa kwao. Akina mama nao walikubali, wakaanza kuanika hadi mashuka. Madame alikasirika mpaka sauti ikamkauka siku mbili. Ukiniuliza mimi, watu wote wa barabara ile walistahili kukaukiwa sauti.

Marceline, mama yake Orpa, peke yake alianika nguo kwenye nyasi. Hazikukauka vizuri.

Kila Julai Orpa alifaulu, na kila Septemba alirudishwa mwaka wa tatu, kwa sababu dirisha la darasa hilo ndilo linalotazama barabara. Wenzake walirefuka, wakaenda. Septemba 1996 mdogo wake, Bénie, aliingia darasani humo, akakaa kando yake. Walikuwa wa kimo kimoja. Mwezi wa Mei uliofuata nchi ilibadilishwa jina na bendera. Waya haukuguswa.

Siku ya matokeo, Bénie alisimama mlangoni na karatasi yake ya kufaulu.

"Yaya, twende," alisema. Yaya ndivyo mdogo anavyomwita dada yake mkubwa.

"Balitosha ile fil?" Orpa aliuliza, maana bado aliungoja waya utolewe.

Bénie alitazama nje dirishani. Mashuka yalikuwa yakipepea barabara nzima.

"Bado."

"Basi enda. Mwaka yenye kuya, weye njo utakuwa yaya."

Misuko yake ilianza kusimama. Madame Eugénie aliita majina manne, na Bénie, aliyekuwa karibu na mlango, akatangulia kukimbia.

Septemba Marceline alimshonea Bénie sketi mpya, kubwa zaidi. Ile ya zamani alimpa Orpa. Ilimtosha.