Siku Vaiva Alipokataa Kutoka Uwanjani

Hasira ya Vaiva Stonkutė haikuanza siku ile ya nusu fainali. Ilianza Novemba, katika ukumbi wa shule, mwenzetu Skaistė alipolala sakafuni akiuma kola ya jezi yake ili asipige mayowe.

Wakati huo mimi nilikuwa mgawaji wa mipira katika timu yetu, na Vaiva alikuwa nahodha. Alikuwa ameishi kwa mpira wa kikapu tangu utotoni. Alicheza Poland, akacheza Ufaransa, akacheza Uturuki, kisha akarudi Lithuania kumalizia kazi yake katika mji uliomlea. Mji wenyewe una wazimu wa kikapu. Kila ghala limepigiliwa ringi ukutani, na timu ya wanaume ikicheza, hata padre huharakisha misa ya jioni. Ya wanaume, nimesema. Sisi tulikuwa klabu hiyohiyo, tukivaa kijani hichohicho, lakini waliokuja kututazama walikuwa mama zetu na wazee wachache waliofuata joto la ukumbi.

Kila wanaume walipoutaka ukumbi mkubwa, sisi tulifukuzwa. Tulipelekwa kucheza shuleni, ambako paa lilivuja. Tulimlalamikia mkurugenzi wa klabu, Bwana Rudys. Akatuuliza, "Kwani huko hakuna ndoo?"

Basi Skaistė, mdogo wetu kuliko wote, mtoto aliyeruka kama sakafu inamchoma, alishuka na mpira mikononi akakanyaga maji. Goti likapinda upande usiopinda. Sote tuliusikia mlio. Baada ya upasuaji daktari alimwambia atafute kazi nyingine. Rudys hakwenda kumwona. Alituma maua, na kwenye kadi jina la binti wa watu likawa limekosewa.

Vaiva aliisoma ile kadi kando ya kitanda cha Skaistė, akaichana, akaitia vipande mfukoni. Mimi nilijua kuna siku Rudys ataulizwa.

Machi tukaingia nusu fainali. Wageni wetu walikuwa wanatoka Vilnius. Mchana wa mechi tulikuwa ukumbi mkubwa tukipasha misuli moto, Rudys akaingia na kikombe chake cha kahawa.

"Wasichana, kuna badiliko dogo. Leo mnacheza shuleni. Wanaume wana mechi nzito kesho, wanataka kuzoea ringi."

Vaiva akaudaka mpira, akaukumbatia. "Kuzoea ringi? Hizi hizi wanazotupia tangu Septemba bado hawajazizoea?"

Tukacheka. Rudys hakucheka.

"Vaiva, usinianze."

"Paa limezibwa?"

"Litazibwa kiangazi."

"Basi na sisi tutacheza kiangazi."

Akaenda mpaka duara la kati, akaketi chini. Mimi nikamfuata, na wenzangu mmoja mmoja wakaja. Kocha wetu, mzee Rimantas, mtu mpole asiyewahi kumfokea hata refa, akamwinamia.

"Mwanangu, watatunyang'anya mechi. Msimu mzima utapotea."

"Kocha, Skaistė ulimbeba wewe, kwa mikono yako. Leo unataka kumbeba nani? Huyu? Yule?" Alikuwa akitunyooshea kidole sisi.

Mzee akavuta kiti, akakiweka kwenye mstari wa uwanja, akakaa.

Wanaume wakaingia. Nahodha wao, Arnas, alikulia jengo moja na Vaiva. Alimsogelea akasema kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mlevi, "Dada, acha utoto. Unajua watu wanakuja kumwona nani hapa."

Vaiva akasimama. "Rudia."

"Aa, umenisikia."

"Sema kwa sauti, wenzako nao wasikie. Halafu uwaambie huo mkono wa kushoto unaoringia ulifundishwa na nani, pale nyuma ya jengo letu, ukilia kwa sababu wavulana wamekukatalia kucheza!"

"He! Nahodha, kumbe!" mmoja wa wanaume akapiga mluzi. Arnas akawa mwekundu hadi masikioni. Nilidhani atacheka, yaishe. Badala yake alimgeukia Rudys: "Wazimie taa hawa."

Rudys akazizima kweli. Tukabaki gizani, taa ndogo za milangoni tu zikiwaka. Nilimsikia Vaiva akipumua kwa pua. "Sitoki," alisema. "Mniburute."

Hapo ndipo wageni walipowasili. Nahodha wao, Jurga, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, alisimama mlangoni akauliza, "Vipi, hamjalipa umeme?" Tulipomweleza, akalitupa begi lake chini. "Shuleni? Kule kwenye bwawa? Mimi siendi." Akaja akaketi nasi, na timu yake yote ikaketi.

Refa alipofika alimwambia Rudys wazi kwamba uwanja haubadilishwi siku ya mechi bila wageni kukubali. Taa zikawashwa. Wanaume wakatoka wakinung'unika, Arnas wa mwisho, bila kuangalia nyuma.

Vaiva hakucheza vizuri siku ile. Alicheza vibaya kwa nguvu. Alisukuma, alisukumwa, alikosa mitupo ambayo angefunga akiwa usingizini, alimzomea refa yuleyule aliyetuokoa. Lakini kila mpira uliogonga ringi ukarudi, aliurukia kama mali yake iliyoibwa. Tulishinda kwa pointi moja. Rudys akashuka uwanjani akitabasamu mbele ya kamera, mkono ameunyoosha. Vaiva akampita, mkono ukabaki hewani.

Fainali tulipigwa, tena vibaya. Mei klabu ikatangaza kwamba nahodha wetu amechoka na ameomba kupumzika. Kesho yake Vaiva alikuwa redioni. "Sijachoka wala sijaomba," alisema. "Nimefukuzwa kwa sababu nimekaa chini. Na aliyenifukuza anaitwa Rudys. Andikeni vizuri, R, U, D, Y, S."

Sasa anachezea klabu moja ya Latvia, ng'ambo ya mpaka. Juzi nilimpigia simu, nikamwambia Arnas ameniomba namba yake, anataka kuongea naye yaishe.

"Usimpe," alisema.

"Miezi imepita, Vaiva. Pengine anataka kuomba radhi."

"Akaombe pale pale, katikati ya uwanja, ukumbi ukiwa umejaa. Simu ya nini?" Nikasikia mpira ukidunda nyuma yake. "Haya, niache, naitwa mazoezini."