Mweusi wa Kurudi

Mama Volti hakuitwa hivyo kwa utani. Kabla magoti hayajamgomea kupanda ngazi, alikuwa amefunga umeme kwenye nusu ya nyumba za mtaa ule, na hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Sasa aliishi kwa binti yake, akisaidia kulea mjukuu, na jambo lililomkera kuliko yote ni kwamba hakuna aliyemwita tena kwa kazi. Ndiyo maana siku mashine ya kukaushia nguo ilipoletwa, aliamka mapema akakitafuta kisanduku chake cha vifaa.

Mashine ilikuwa ya mitumba, nzima kabisa isipokuwa waya wake, ambao mtu aliukata kwa sababu anazozijua mwenyewe. Na ilihitajika haswa. Mvua haikutaka kukatika, nepi za mtoto zilining'inizwa mpaka kwenye viti vya sebuleni, na nyumba nzima ilinuka uvundo. Mkwewe, fundi cherehani asiyepandisha sauti hata akijidunga sindano, akaenda dukani akarudi na waya mpya uliokuja na plagi yake, plagi ya kuzibwa kiwandani, isiyofunguka. Kilichobaki ni kufunga ncha tatu nyuma ya mashine.

“Mama,” mkwe alisema, amechuchumaa pembeni, “muuzaji kaniambia huo mweusi…”

“Muuzaji anauza, fundi anafunga. Nipe bisibisi.”

Mkwe akampa kwa mikono miwili.

Ncha zilikuwa nyeusi, nyeupe na kijani. Mama Volti hakubabaika. Fundi aliyemfunza kazi alimkaririsha maneno ambayo angeweza kuyasema usingizini: mwekundu una moto, mweusi unarudi, wa kijani unaingia ardhini. Hapa mwekundu haupo, basi mweupe ndio umeshika nafasi yake. Kuna fumbo gani hapo? Akaufunga mweupe kwenye skrubu ya moto, umeme unakoingilia, mweusi kwenye skrubu ya kurudi, wa kijani kwenye bodi ya mashine, akarudisha kifuniko, akabonyeza swichi. Pipa likazunguka, joto likaja. Binti yake akapiga makofi. Mama Volti akafuta mikono kwenye kanga kwa madaha na kusema kwamba utu uzima dawa.

Raha hiyo haikudumu, maana mkwe alianza kumfanyia kitu ambacho yeye alikiona ni dharau. Nguo zikishakauka na mashine ikishazimwa, kabla mkewe hajafungua mlango wa mashine, alikuwa anakwenda kuchomoa plagi ukutani. Hakukosa hata mara moja. Aliacha tonge kwenye sahani akaenda kuchomoa. Asubuhi, ameshafika nje, alirudi na viatu vyake vya matope kuhakikisha kama imechomolewa. Mkewe alipouliza, alisema anabana matumizi ya umeme.

“Matumizi gani, mashine imezimwa?” Mama Volti alimnong'oneza binti yake. “Sema tu mumeo haiamini kazi yangu.”

“Mama nawe! Huyo hawezi hata kukuangalia usoni, ataweza kukudharau?”

Alasiri moja mashine ikaanza kugonga, ko ko ko, kama ina mtu ndani. Mkwe alikuwa bado karakana. Binti, mtoto mgongoni, akainama kutazama.

“Toka hapo, hiyo kazi ya mafundi,” mama yake alisema.

Akazima swichi, akafungua kifuniko cha nyuma, akamulika. Kifungo cha shati kilikuwa kimenasa pembeni mwa koili ya joto. Plagi ilikuwa ukutani, lakini swichi si imezimwa? Akapeleka vidole.

“Toa mkono! Wewe mama, toa mkono!”

Hakuitambua sauti. Mkwe alikuwa mlangoni, amebwaga mfuko wa vipande vya vitambaa, na kabla hajajibiwa aliruka beseni la nguo akaing'oa plagi mpaka soketi ya ukutani ikatikisika. Kisha akasimama anahema, kama mtu aliyemtukana mkwewe mbele ya umati.

Mama Volti akatoa tesita, bisibisi yake ya kupimia umeme.

“Rudisha plagi. Swichi usiiguse.”

Plagi ikarudi. Akagusisha ncha ya tesita kwenye koili ya mashine iliyozimwa. Taa ndogo ndani ya mpini ikawaka.

Aliona aibu, na hofu ikaizidi aibu. Swichi ya mashine ile ilikata waya mmoja tu, na yeye alikuwa ameipa waya usio na moto. Mashine ilifanya kazi vizuri, na ilipozimwa moto ulibaki ndani ukisubiri mkono wa mtu. Leo nusura uwe wa binti yake, na mtoto mgongoni.

“Chomoa,” alisema. “Ulijua?”

“Muuzaji alisema kwenye waya wa aina hii mweusi ndio wenye moto, mweupe unarudi, na ukikosea moto unabaki ndani hata ukizima.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilianza, Mama.”

Kweli alianza. Mama Volti alikumbuka alivyomkatiza.

“Ungeendelea!”

“Wewe ni mama mkwe wangu. Ningekuambiaje hujui kazi yako?” Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. “Nikiwa karakana nawaza tu, nimechomoa, sijachomoa? Nimeshaharibu suruali za watu.”

Mama Volti alifungua skrubu mbili, akazibadilisha nyaya nafasi, akachomeka plagi bila kuwasha swichi, akapima upya. Safari hii taa ya tesita haikuwaka. Akageuka.

“Sasa niambie nimekosea.”

“Mama, umeshaona mwenyewe…”

“Sitaki kuona, nataka kusikia. Humu ndani siambiwi kitu. Chumvi ikizidi mnameza, nikipotea njia mnanifuata kimyakimya. Leo adabu yenu ingeniulia mtoto, na kiburi changu ndicho kimeilea. Sema.”

“Umekosea, Mama,” alinong'ona.

“Hata kuku hajasikia.”

“Mama, basi, mwenzio anatetemeka,” binti alidakia.

“Wewe nyamaza, mumeo ananirekebisha. Sema!”

Mkwe akafumba macho, akavuta pumzi.

“Mama, umekosea!”

Sauti iligonga kuta. Mtoto akashtuka mgongoni akaangua kilio, na jirani akauliza dirishani kama kuna heri. Mama Volti alihisi neno lile likimchoma kifuani, likapita. Akajikalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, akanyoosha mikono apewe mjukuu.

“Unaona?” alimwambia mkwewe. “Hilo haliui.”