Fundi Aliyejifungia Nje

Kama kuna mtu mtaani aliyeamini kwamba intaneti imejaa wezi, basi ni fundi wa kufuli, na aliamini hivyo kabla hajaigusa hata kwa ncha ya kidole. Tusimlaumu. Ameishi miaka yote kwa kuwadhania watu mabaya, na watu wamemlipa kwa dhana hiyo. Kibanda chake, upana wa kabati la nguo, hukifunga jioni kwa kufuli tatu, na ya tatu haifungi chochote: ipo kumpotezea mwizi muda.

Darasa la kompyuta aliliendea kwa sababu moja tu. Chuo cha ufundi cha mji wa jirani kilikuwa kinatafuta mtu wa kufundisha kazi ya kufuli, na mkuu wake, ambaye fundi aliwahi kumfungulia gari mvua ikimnyeshea, alimsihi aombe nafasi. Wito wenyewe ulikuja kwa wakati wake kabisa. Milango mipya ilikuwa inafunguliwa kwa kadi, na wateja walikuwa wamepungua hata kusinzia kibandani kukawa ndiyo kazi yenyewe. Lakini si hilo lililomnyima raha. Vidole vyake vilijua kusikiliza tumbo la kufuli kama mkunga anavyopapasa tumbo la mja mzito, na hakuwa na wa kumwachia ujuzi huo. Wanawe walichagua kazi za kukalia viti. Chuo kikamjulisha kwamba majibu yatakuja kwa barua pepe, na kwa barua pepe tu.

Mkewe, muuza mashuka, akasema naye anajiandikisha. Alidai hawezi kumwachia mwanamume yule chumba kizima cha watu awashuku peke yake.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi kabla ya wanafunzi. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu mwenye subira ya muuguzi wa zamu ndefu, na aliihitaji yote. Dereva mstaafu aliyekaa mbele alishika kipanya kwa mikono miwili akakikatisha kona. Muuza mashuka alibofya kila kilichong'aa, akajikuta anasoma hali ya hewa ya nchi yenye theluji, akaipenda. Fundi hakubofya kitu mpaka aelezwe nyuma yake kuna nini.

Siku ya kufungua akaunti, mwalimu alieleza kwamba nenosiri ni kama ufunguo: lisijulikane na mtu, ila mwenyewe alikumbuke. Fundi akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa mambo aliyoyaandika yeye. Akaandika nenosiri lake. Mara akamwona dereva mstaafu akigeuka kutafuta miwani yake. Sasa, katika kazi ya fundi kuna sheria isiyo na mjadala: ufunguo ukishaonwa na jicho la mtu, kufuli inabadilishwa siku hiyo hiyo. Akaomba aonyeshwe namna ya kubadilisha. Baadaye mwalimu akapita nyuma yake; fundi akabadilisha tena. Mkewe alipoinama kuokota kalamu, akabadilisha mara ya mwisho, akiwa amefunika kibodi kwa kofia. Namba ya simu alikataa kuiweka. Na mashine ilipomtaka ajibu swali la usalama, kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi, aliona hapo ndipo penyewe. Mtu anayesimama mlangoni pako akikuuliza habari zako ni mtu anayepanga kurudi usipokuwepo. Akaiandikia uongo, akashuka ngazi ameridhika.

Juma lililofuata hakikufunguka kitu.

Alijaribu nenosiri la kwanza, la pili, na jingine ambalo pengine lilikuwa la ndoto. Mashine ikakataa kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomuuma zaidi. Mwalimu akampigia simu katibu wa chuo kwa niaba yake. Katibu alisema barua ilikwishatumwa, tena ya furaha, lakini lazima ajibu kupitia anuani ile ile kabla ofisi hazijafungwa siku ile, vinginevyo nafasi inakwenda kwa anayemfuata. Alipoambiwa fundi ameshindwa kufungua, katibu aliuliza kama huyu ndiye anayekuja kufundisha kufungua.

Dereva mstaafu alicheka hadi akatoka nje kupumua. Fundi hakucheka. Amefungua nyumba za watu waliofiwa, ofisi za watu waliolewa, kabati la bibi harusi mgeni rasmi akiwa amekwishafika. Sasa kikapu kidogo cha barua, chenye jina lake mwenyewe, kimemfungia nje.

Mwalimu akasema limebaki swali la usalama.

"Ulijibu nini, fundi?"

"Uongo."

"Uongo gani?"

"Mwalimu, ningeukumbuka ungekuwa ukweli."

Akajaribu mkulima, ikakataa. Akajaribu rubani, maana alipokuwa mdogo alitaka sana. Ikakataa, na ikaonya kwamba limebaki jaribio moja. Mwalimu akaondoa mikono kwenye kibodi kama mtu aliyegusa birika la moto. Fundi akavua kofia, akaiweka mapajani, akasema pengine ni heri. Wanafunzi wangemcheka bure.

Muuza mashuka alikuwa kimya muda wote huo, na yeye akikaa kimya ujue kuna mtu ataumbuka. Akamfinyia mwalimu jicho. Akavuta kiti chake kikawa ubavuni mwa mumewe, wote wakitazama mbele, akapakata mkoba kama abiria ndani ya basi.

"Habari za safari, baba," akasema, kwa sauti ya mtu asiyemjua.

"Mama watoto, niache. Si wakati wa mchezo."

"Viti vyenyewe vigumu kweli. Unaelekea wapi?"

Fundi akashusha pumzi, macho yakiwa sakafuni. "Namfuata dada yangu."

Fundi hakuwa na dada.

"Anaumwa?"

"Amejifungua."

"Hongera. Na wewe unafanya kazi gani, baba?"

"Daktari wa meno."

Dereva mstaafu, aliyekuwa amerudi mlangoni, akafumba mdomo kuficha pengo la meno yake.

Fundi mwenyewe ndiye aliyeshangaa kuliko wote. Ukimwambia abiria mwenzako kwamba unafungua kufuli, anahamishia mkoba upande wa pili na safari nzima anakuhesabu vidole. Ukimwambia unang'oa meno, anafunga mdomo, nawe unalala mpaka mwisho wa safari. Basi alikuwa ameusema uongo ule kwa miaka mingi, hata ukawa unatoka wenyewe bila kupitia kichwani kuomba ruhusa.

"Niandike?" mwalimu akanong'ona. "Tukikosea hapa, basi."

"Andika," akasema muuza mashuka. "Nimesafiri na daktari huyu tangu tuoane."

Mwalimu akaandika. Ukurasa ukazunguka, ukafikiri, ukafunguka.

Barua ilikuwa moja tu, juu kabisa. Ilianza kwa kumwita Ndugu Mwalimu, na hapo fundi akakwama kwanza, akasogeza kiti, akaparudia. Muhula unaanza mwezi ujao, karakana iko tayari, athibitishe kama anakuja. Mwalimu akanyoosha mkono amsaidie kujibu. Fundi akaukataa kwa heshima, akaanza kuwinda herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Nimekubali. Nitakuja. Muuza mashuka akamkumbusha kwamba binadamu husalimiana. Akarudi juu akaongeza salamu, kisha shukrani, kisha salamu nyingine kwa familia ya mkuu wa chuo. Akabofya kutuma, akainamisha sikio kwenye skrini.

"Imekwenda?"

"Imekwenda," mwalimu akasema.

"Haikulia hata kidogo."

Hawakuwa wamekwisha kuchukua mikoba yao jibu lilipoingia. Mkuu wa chuo alifurahi sana, na alitaka kujua mwalimu mpya atahitaji vifaa gani vya kuanzia.

Fundi akakaa tena. Safari hii herufi hakuziwinda.

"Milango sita ya aina mbalimbali," akaandika. "Nyumba si lazima."