Mahali pa Kutundika Kofia

Mkisikia watu wa Manundu, kule Korogwe, wanasema Dunstan alifukuzwa kazi ya umeme kwa ulevi, wamewadanganya. Mwambieni huyo msemaji aje aniambie mwenyewe hapa Handeni, njia anaijua. Pombe nakunywa, sikatai. Lakini siku ile sikuwa nimetia hata tone mdomoni. Nilifukuzwa kwa neno moja na kofia moja, na ingekuwa leo ningefukuzwa tena.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa mwangalizi wa swichi katika kituo cha kupozea umeme, Korogwe ya zamani, karibu na mto. Umeme ulitufikia mkali, tunaupoza, halafu tunaugawa: njia hii mjini, njia ile Mazinde kwenye mashamba ya mkonge. Mafundi wakitaka kupanda nguzo wananipigia kwa simu yao ya kubeba, wanaiunganisha na waya wa simu wa njiani, nazima njia yao. Wakishuka, nawasha. Kazi nyepesi, utasema. Nyepesi mpaka mtu achanganye neno.

Neno lenyewe ni "funga". Mkeo akikwambia funga bomba, unafanya nini? Unakata maji. Sote tunajua hivyo tangu tulipokuwa tunanyonya. Kumbe kwa Wazungu wa umeme swichi ikifungwa ndipo umeme unapita, kwa kuwa vyuma vimegusana na njia imeungana. Ikifunguliwa, umeme umekatika. Kinyume kabisa! Kabla sijaajiriwa, fundi mmoja aitwaye Ernesti aliungua mkono mpaka kwenye kiwiko kwa sababu ya maneno hayo mawili. Tangu hapo mafundi wakapatana kwamba kituoni petu funga na fungua ni mwiko. Njia ikikatwa, imelala. Ikiwashwa, imeamka. Hata mtoto anaelewa kwamba kilicholala hakiumi.

Tena palikuwa na desturi ya kofia. Fundi akienda kupanda nguzo hupitia kwanza kituoni, anatundika kofia yake kwenye mkono wa swichi ya njia anayoiendea. Kofia ikiwa pale, hakuna wa kuiamsha njia ile, awe nani. Na haiondolewi ila na mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa amesimama mbele yako anapumua.

Kofia niliyoitunza mara nyingi kuliko zote ilikuwa ya Sadala, ya kaki, imepauka, ukingo umeliwa na panya. Sadala alikuwa Mnyamwezi. Baba yake aliletwa huku kukata mkonge, wakahamia moja kwa moja. Mimi Mzigua, kwa hiyo tulikuwa watani. Utani mnaujua: mtani wako akifa unaingia msibani umevaa nguo zake, unatembea kama alivyotembea, unadai wali, na hakuna wa kukununia. Basi Sadala kila akitundika kofia alikuwa ananichokoza.

"Mzigua, najua unaitamani hii. Leo pia huipati."

"Niitamani ya nini? Kwa kichwa chako hicho, nikiivaa itanimeza mpaka mabegani."

Ndipo ikaja mashine. Kabati la chuma refu kuliko mtu, lina vitufe na taa zilizotokeza nje kama macho ya chura. Ilikuwa inaziangalia njia zote yenyewe. Njia ikipata hitilafu au ikikatwa, kengele inalia na taa inageuka: nyekundu umeme upo, kijani haupo. Hata swichi iliyoko Mazinde kwenyewe, ambayo zamani lazima mtu awe Mazinde kuishika, sasa unabonyeza kitufe umekaa Korogwe, na kule inatii. Mwe! Niliipenda mashine ile, nawaambia kweli. Nilikuwa naifuta vumbi kwa kanga ya mke wangu.

Kasoro zake hazikuwa zake, zilikuwa za watu. Haikuwa na mkono wa kutundikia kofia, na hakuna aliyefikiri kuuweka. Halafu chini ya vitufe vilikuwepo vibao vya shaba. Maneno ya vibao alikuwa ameyatafsiri karani wetu Fabiani, kijana wa Tanga, mpole, nguo zake zimepigwa pasi hata siku ya matope. Kimoja kilisema FUNGA. Kingine FUNGUA.

"Fabiani, haya maneno yataua mtu," nikamwambia.

"Ndivyo kamusi inavyosema, mzee."

Mzee! Na mimi mvi hata moja sikuwa nayo.

Mkubwa wetu, mhandisi Mwingereza, tulimwita Bwana Haraka kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Alitukusanya akatoa amri. Kwanza, kwenye simu yatumike maneno ya kwenye mashine, hayo tu. Pili, kofia zikae vichwani. Tatu, ule mnyororo ambao mafundi walikuwa wanaurusha juu ya waya kuujaribu kabla ya kupanda ubaki stoo, unapoteza muda. Mashine ikisema, imesema. Atakayesema lala, akalale kwao.

"Mimi sitayasema," nikajibu mbele ya wote.

Fabiani akatafsiri. Bwana Haraka akacheka, akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapata moto.

Haikupita muda, wakaja wageni, mameneja wa mashamba ya mkonge, kuitazama mashine. Asubuhi hiyo Sadala na mwenzake Simeo walikuwa wanakwenda Mazinde. Kikombe kimoja cha nguzo, vile vya udongo mweupe vinavyoshika waya, kilikuwa kimepasuka. Sadala akapita kituoni kama kawaida. Akaitazama mashine juu, akaitazama chini, akatafuta pa kutundika. Hapakuwepo. Akanipa kofia mkononi.

"Nishikie, mtani. Usiivae, chawa wangu hawakuzoei."

"Wakinijua watakuhama," nikamwambia. Tukacheka. Nikaitia kofia ndani ya shati, lori lao likaondoka.

Wageni walipoingia, Bwana Haraka aliniambia nisimame ukutani, maana nilikuwa mbishi na ningemwaibisha. Akamkalisha Fabiani kwenye mashine. Akaanza kuwaeleza wageni kwa Kiingereza, anaonyesha taa hii na ile, amejaa furaha. Chai ikaletwa. Jua lilikuwa limeshapanda simu ilipolia.

Simeo alikuwa mtu wa kelele. Akishika simu anapiga ukelele kama vile waya haupo, kwa hiyo chumba kizima kilimsikia.

"Halo! Tumefika kwenye nguzo! Funga laini ya Mazinde!"

Maskini Simeo. Ameamriwa aseme neno la mashine, amelisema, lakini kwa ulimi alioachiwa na mama yake. Alikuwa anataka umeme ukatwe. Fabiani naye, ambaye mbele yake pana kitufe kimeandikwa FUNGA, akakibonyeza. Kitufe hicho ndicho cha kuwasha. Taa ya Mazinde ilikuwa nyekundu. Ikabaki nyekundu.

"Tayari, imefungwa," akasema Fabiani.

"Imefungwa?"

"Imefungwa."

"Haya, Sadala, panda!" Simu ikakatwa.

Nilimwona Sadala kama nipo naye pale chini ya nguzo, anafunga mkanda, anatema mate viganjani kama alivyozoea, anaanza kupanda. Anapanda kwenye waya wenye moto, kichwa wazi.

Sikumbuki niliruka vipi kutoka ukutani. Nilimpiga Fabiani kikumbo, kiti kikaenda huku, yeye kule, nikabonyeza FUNGUA. Nyekundu ikazimika, kijani ikawaka. Kengele ikaanza kupiga mayowe kwa sababu njia nzima ya Mazinde ilikuwa imelala. Mmoja wa wale wageni alikuwa meneja wa huko. Alijua maana ya kengele ile: mashine zake za kukamua mkonge zimesimama. Akaweka kikombe cha chai chini na kumtazama Bwana Haraka.

"Wewe! Nini hii? Funga! Funga sasa hivi!" Bwana Haraka alikuwa na Kiswahili chake cha kuagizia maji ya kuoga.

"Sifungi. Imelala."

Nikatoa kofia ya Sadala shatini. Mkono wa swichi haupo, sawa. Nikaitundika kwenye ile taa ya kijani iliyotokeza. Ikakaa barabara, kana kwamba taa iliwekwa kwa ajili yake. Halafu nikageuka, nikaiegemea mashine kwa mgongo, vitufe vikawa nyuma yangu.

"Toka!"

"Sitoki. Kuna mtu juu ya nguzo. Ukitaka kuwasha, nipige kwanza nianguke, halafu ubonyeze."

Akamwita mlinzi wa lango, Lekakeny, Mmasai wa nyika za Handeni, mtu mrefu asiye na maneno. Lekakeny akaingia na rungu lake. Akaiona kofia.

"Ya nani?" akaniuliza.

"Ya Sadala. Yuko juu, Mazinde."

Akaitazama kidogo. Akarudi mlangoni, akasimama pale, uso ameuelekeza kwetu na rungu chini. Bwana Haraka akampigia kelele, na yeye akawa kama anasikiliza mvua.

Fabiani alikuwa ameshainuka sakafuni, anapangusa suruali. Bwana akamwamuru kitu kwa Kiingereza. Fabiani akaniambia, "Anasema mafundi wenyewe ndio walioomba laini ifungwe. Wewe umekwenda kinyume na walichoomba."

"Fabiani, mdogo wangu, acha kamusi. Mama yako kule Tanga akikwambia funga bomba, unakata maji au unayafungulia?"

Niliona uso unampauka, na macho yakahama kwangu yakaenda kwenye simu. "Nimemwambia imefungwa," akasema. "Mungu wangu, nimemwambia mara mbili." Sikumcheka, wallahi, na wala sikumhurumia wakati ule, nilitaka simu ilie.

Bwana Haraka akamsukuma ampishe afike kwenye vitufe. Fabiani hakupisha. Yule yule kijana wa pasi akaja akasimama ubavuni pangu, bega kwa bega, akamweleza mkubwa wake maneno marefu kwa Kiingereza. Mimi sijui alisema nini. Najua alikuwa analia na hakuacha kusema.

Simu ikalia. Nikaiwahi.

"Halo! Nyie mnafanya nini huko?" Ilikuwa sauti ya Simeo. "Sadala anasema alikuwa amebakiza mkono mmoja kuushika waya, akausikia unanguruma. Akaganda pale pale. Mara ukanyamaza ghafla! Laini si ilikuwa imefungwa?"

"Ilikuwa macho, Simeo. Sasa imelala. Unanisikia? Imelala. Mwambie kofia yake ninayo."

Nikamsikia akiita juu, "Dunstan anasema imelala! Kofia anayo!" Na kutoka mbali, juu huko, nikasikia mtu anacheka.

Mngedhani yangeishia hapo. Hayakuisha. Wakabadilisha kikombe, Simeo akapiga tena kusema wameshuka, na Bwana Haraka, ambaye sasa alikuwa ameelewa na uso umemwiva, akaona basi, niwashe, heshima yake irudi mbele ya wageni.

"Mtu chini. Sasa washa."

"Mwenye kofia aje aitoe."

"Iko Mazinde!"

"Lori analo."

Basi wakangoja. Wageni walimaliza chai, wakatazamana, wakaondoka mmoja mmoja, yule wa Mazinde akiwa wa kwanza. Kengele ililia mpaka tukaizoea. Bwana Haraka alizunguka chumbani akiitazama ile kofia iliyoliwa na panya, na hakuigusa. Angeweza. Tulikuwa wawili tu pale mbele yake, naye ndiye serikali yetu. Hakuigusa.

Sadala aliingia na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Hakumsalimu mtu. Akaja mpaka kwenye mashine, akanyoosha mkono, akaitoa kofia kwenye taa.

"Nimeshuka," akasema kwa nguvu, Bwana asikie. "Iamshe."

Nikaiamsha. Nyekundu ikawaka, kengele ikanyamaza.

"Wewe kwisha kazi," Bwana Haraka akaniambia. "Leo. Nyumba pia toka."

"Sawa, Bwana. Lakini kuanzia leo huna fundi atakayekupandia nguzo bila pa kutundika kofia yake. Waulize."

Aliwauliza. Wiki ile mafundi walikaa chini ya nguzo zao na hakuna aliyepanda, hata alipowatishia polisi. Hatimaye vibao vikang'olewa. Fabiani mwenyewe ndiye aliyechora vipya kwa rangi: LALA na AMKA, na chini ya kila taa ikachomelewa ndoano ya chuma. Kazi yangu sikurudishiwa. Wala sikuiomba.

Siku ile ile lakini, nilipokuwa nafunga mizigo na mke wangu ananitukana kwa haki yake, Sadala alinifuata nyumbani. Akavua kofia akanipa kwa mikono miwili, bila mzaha, na macho yamelowa.

"Chukua, mtani. Ni yako."

Ebo! Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku nzima. Nikamnyang'anya, nikamsokomezea kichwani mpaka ikamfunika macho.

"Mnyamwezi mjinga wewe. Hiyo naichukua siku ya msiba wako. Sasa hivi una kichwa, ivae."