Chafya ya Nuala

Mtoto wa Jelagat alikuwa amekataa kupiga chafya, na nyumba nzima pale Bowie, Amerika, ilikuwa roho juu.

Kogo, mama mkwe wake aliyeletwa na ndege kutoka Nandi kwa kazi hiyo, alikaa kwenye kochi na mjukuu mapajani, akiwaita marehemu mmoja mmoja kama ilivyo desturi ya kwao. Unataja jina la mfu wa ukoo, unangoja. Mtoto akipiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi, na jina limepatikana.

"Taprandich, ni wewe?" Kimya. "Tabutany?" Mtoto akapiga miayo. "Tapkigen, wewe mwenye maneno mengi, leo umenyamaza?"

Mtoto akaangua kilio, kile kile cha tangu atoke hospitali. Jelagat, aliyekuwa akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akaziacha akaenda kuosha chupa zilizokwisha kuoshwa.

"Mama, kwani ule ugoro wako hau-work hapa Amerika?" Cheruiyot, mumewe, alitania huku akitafuta funguo za gari. "Weka kidogo tu puani, tumalize."

Kogo alimtolea macho. Kweli alikuwa na mkebe wa ugoro ndani ya soksi aliyoivaa, na kweli wako wakunga kwao waliousogeza karibu na pua ya mtoto mambo yalipokwama. "Mfu halazimishwi," alisema. "Sijawahi kumdanganya mtoto hata mmoja, na sitaanzia kwa wako."

Cheruiyot aliinua mikono, akatoka zake kwenda ofisi za kaunti kule Upper Marlboro. Mwenye bahati yeye, maana kazini kwake angalau watu walikuwa na majina.

Jelagat naye jina la kumpa mtoto alikuwa nalo tangu zamani. Sista Nuala alikuwa mtawa wa Ailandi aliyeendesha zahanati ya kijijini kwao. Jelagat alipozaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kiatu, na zahanati haina mashine ya kumtia joto, yule mtawa alipokezana na mama yake kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya kanzu yake ya kitawa, wiki baada ya wiki, huku akiendelea kuwachoma watu sindano. Jelagat aliambiwa habari hiyo mara nyingi hata akaona kama anaikumbuka. Uuguzi wenyewe aliuingia kwa sababu yake. Uzee ulipomrudisha Sista Nuala Ailandi, alimpigia Jelagat simu kila Krismasi, akimsemesha Kinandi cha wazee, na safari moja Jelagat akamwahidi kwamba akizaa msichana atampa jina lake.

Krismasi iliyopita simu haikulia.

Kogo aliposikia jina hilo mara ya kwanza aliuliza swali moja tu: "Huyo ni wa ukoo gani?" Tangu hapo wawili hao walisemeshana kwa adabu nyingi mno, ile adabu ya watu waliokasirikiana.

Sasa mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Jelagat alimpima joto, akamkagua masikio, akambonyeza tumbo. Ugonjwa hakuuona. Kogo naye alijifuta jasho. Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Wangu nimewamaliza," alisema. "Hata yule shangazi mlevi nimemwita. Haya, mama. Nitamwita huyo Nuala wako."

Si ndilo Jelagat alilokuwa akilitaka? Mbona basi alikimbilia kumzuia?

"Hapana, Kogo! Usimwite!"

"Si ni wewe ulikuwa unamtaka?"

"Nilitaka jina lake. Lakini hapo wanaitwa waliokufa."

"Kwani yeye amekufa?"

"Sijui."

"Hujui, ama hutaki kujua?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Jelagat, muuguzi anayewakaripia watu kwa kuchelewa kupimwa, alikuwa amekaa na namba ya nyumba ya watawa tangu Krismasi bila kuipiga. Kila aliposhika simu alikumbuka kazi nyingine. Chumba cha mtoto alikuwa amekipaka rangi mara mbili. Aliogopa, basi. Maadamu hajauliza, Sista yu hai.

Alizunguka meza. Alikwenda dirishani, akamtazama jirani akikata nyasi, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akamchukua mtoto.

"Nitamwita mwenyewe."

Akamwinamia sikioni. "Nuala," alinong'ona. "Sista, ni wewe?"

Mtoto alinyamaza. Kipua kikakunjamana kidogo, kikakunjuka. Walingoja. Chafya haikuja.

"Yuko hai!" Jelagat alipiga kelele, akicheka na machozi yakimtoka. "Kogo, umeona? Hajaja! Yuko hai!" Na kwa nguvu za furaha hiyo akashika simu, akaipiga ile namba aliyoikimbia miezi yote.

Aliyepokea alikuwa mtawa mwenye sauti ya upole. Sista Nuala alifariki kabla ya Krismasi, usingizini. Alikuwa akimtaja sana mtoto wake wa Nandi, nao wakatafuta pa kumpata wasipaone. Kogo hakukielewa Kiingereza hicho, ila aliuona mgongo wa mkaza mwanawe ukiinama.

"Amekufa," alisema Jelagat. "Amekufa, nimemwita, na hakuja kwangu." Akalia kwa sauti, na mtoto naye akaanza upya.

"Angejuaje njia?" Kogo alisema. "Mtu huitwa kwa ukoo wake. Wewe umemwita kama mpita njia. Lete mtoto."

Akamweka mapajani, akapaza ile sauti aliyokuwa akiwaitia mama zake. "Nuala! Wewe uliyembeba binti yetu kifuani! Wewe wa nyumba hii, wa ukoo wetu, mlango ni huu! Ni wewe?"

Alipokuwa akisema hayo, mkono wake mmoja ulishuka polepole hadi kwenye soksi. Jelagat aliuona. Aliuona mkebe ukifunguka, akakiona kidole chenye vumbi la kahawia kikipita karibu na pua ya mtoto, upesi, kama mtu anayefukuza inzi. Uuguzi wake ulitaka kusema neno. Akalimeza.

Mtoto alipiga chafya, kubwa kuliko yeye mwenyewe.

"Amekuja," alisema Kogo. Hakuthubutu kuinua macho.

"Amekuja," Jelagat aliitikia. Akapiga magoti, akaushika mkono ule ule wenye ugoro, akaubusu.

Cheruiyot aliporudi jioni alikuta mtoto amelala, na wanawake wawili kwenye kochi moja wanakunywa chai. Akanusa hewa. Akaitazama soksi ya mama yake.

"Chafya imetoka? Kwa nani?"

"Kwa Nuala," alisema Kogo.

"Huyo ni wa ukoo gani sasa?" Cheruiyot alicheka.

"Wa kwetu. Nenda ukale."