Maji ya Wageni

Mimi si mtu wa kuombaomba. Lakini kwa miaka miwili niliomba mpaka nikajua kuomba kwa lugha ya wafadhili, na lugha hiyo haina "naomba mnisaidie, mtoto wangu anapinda miguu." Ina malengo mahususi, ina walengwa, ina uendelevu wa mradi. Yote hayo niliyachapa kwenye stationari pale Ngaramtoni, Nashipae akiwa mapajani, maana mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha akina mama, na ni mimi peke yangu niliyemaliza kidato cha nne.

Shida yenyewe haihitaji kidato. Maji ya bomba letu, huku magharibi mwa Mlima Meru, yana madini ya floridi kupita kiasi. Ukiyaona utayasifu, maangavu na ya baridi. Lakini watoto wetu huota meno ya kahawia, na wengine hupinda miguu wangali wadogo. Mwanangu mkubwa, Lucky, ana matege ambayo daktari alisema hayatanyooka tena. Mdogo wake Nashipae ana miaka mitatu na miguu yake ndiyo kwanza imeanza. Huyu akipata maji safi sasa, daktari alisema, bado ana nafasi. Akichelewa atakuwa kama kaka yake.

Tuliomba mtambo wa kuchuja maji uwekwe chekechea. Maandiko mawili ya mradi yalikataliwa bila hata sababu. La tatu likajibiwa na shirika moja lenye ofisi mjini, pale Njiro: wangemtuma mtaalamu kupima maji pale pale watoto wanapokinga vikombe, na yakizidi kiwango, mtambo ni wetu. Niliisoma ile barua pepe mara nne, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Siku ya ugeni nilishuka barabarani kulisubiri gari. Mtaalamu alikuwa dada mmoja mpole aitwaye Salwa. Alijaza chupa zake kwenye koki ya pipa la chekechea, tunalolijaza maji ya bomba, akazifunga, akaandika. Kisha akakaribishwa chai. Aliyemmiminia ni mama mkwe wangu, Naipanoi, ambaye sote tunamwita Yeyo, yaani mama. Alimpa kikombe cha kwanza, akamlazimisha na cha pili. Tangu tumzike baba mkwe sikuwa nimemwona ana furaha namna ile.

Baada ya wiki tano majibu yakaja. Maji yenu yako ndani ya kiwango. Maelezo ya andiko lenu hayalingani na vipimo. Kikundi hakitaruhusiwa kuomba tena kwa miaka mitatu.

Nilimsomea Yeyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Walipima yale ya kwenye pipa?"

"Ndiyo, Yeyo."

Akakaa chini taratibu. "Yale hayakuwa yetu."

Ndipo nikajua. Siku moja kabla ya ugeni, mimi nikiwa mjini kuchapisha makaratasi, Yeyo na wenzake watatu walilimwaga pipa lote, wakaswaga punda mpaka kwenye chemchemi nzuri iliyo mbali, mwendo wa nusu siku. Wenye chemchemi walikubali mara hiyo tu, kwa heshima ya wageni.

"Mtu ametoka mjini kwa ajili ya watoto wetu," Yeyo akasema. "Nimpikie chai kwa maji yanayolemaza watoto? Ningemtazamaje usoni?"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangekuja huku kwetu waone.

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo. Niliyestahili hasira ni mimi. Niliandika kurasa kumi na nane za Kiingereza kwa watu nisiowajua, na Yeyo, ninayelala naye boma moja, sikumwambia hata sentensi moja kwamba kitakachopimwa ni maji ya pipa.

Nikaenda Njiro. Nilimweleza Salwa habari yote ya chemchemi.

"Mama Lucky, mimi nakuamini," akasema. "Lakini nikiandika kwamba maji yalibadilishwa, watasema mmedanganya mara mbili. Na dirisha la maombi limeshafungwa."

"Basi njoo upime tena, dada yangu. Nauli nitatafuta."

"Siyo nauli." Akainamisha kichwa. Alinipa chupa ya maji ya dukani ninywe. Sikuifungua, nikaibeba mpaka nyumbani kwa Nashipae.

Kumbe nakala ya vipimo ilikuwa imeshapelekwa ofisi ya kijiji. Kwenye mkutano mwenyekiti wetu, Lemburis, akaisoma kwa sauti: maji yetu ni salama. Watu wakapiga makofi. Akina mama niliowasumbua miaka miwili wakinge maji ya mvua kwa ajili ya wadogo wakageuka kunitazama, na niliona wazi kwamba kazi hiyo wameiacha siku ile.

Yeyo akasimama. Mama wa umri wake hasimami mbele ya mkutano kujiaibisha, lakini alisimama. "Maji yaliyopimwa niliyaleta mimi kwa punda," akasema. "Nimewakosea watoto wenu."

Lemburis akatabasamu kwa adabu. "Yeyo, kaa, upumzike. Katibu ni mkwe wako, lazima umtetee. Lakini hii karatasi ina muhuri." Akaiinua juu wote waone.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni Yeyo akanishika mkono. "Wewe umesoma," akasema. "Karatasi ikikosea, anaandikiwa nani?"

Swali hilo liliniuma kuliko barua yenyewe. Mvua zilikuwa zimekwisha, ndoo ya maji ya mvua ilikauka tangu juzi. Nashipae akaja na kikombe chake, anayumba kwa ile miguu, akaomba maji. Nilimtazama Yeyo. Yeyo akatazama pembeni. Mtoto akaomba tena, safari hii akilia, nikainamisha dumu la maji ya bomba nikamjazia kikombe.