Limau la Ghorofa ya Nane

Ndani ya lifti ya meli aliishusha trei mpaka usawa wa kifua, akalinyanyua kawa la chuma kwa kidole kimoja. Harufu ya samaki wa moshi ikampiga usoni. Huyo samaki hakumtaka. Mayai hakuyataka, keki hakuitaka, wala zile chokoleti nne zilizolazwa kwenye karatasi ya dhahabu kama watoto wachanga. Alichotaka ni limau. Lilikuwa pembeni ya sahani, vipande viwili, la pambo tu. Akatia kimoja mdomoni, na ganda lake na mbegu zake, akatafuna macho kayafumba. Cha pili kikafuata. Hakupanga, jamani. Mkono ulijiendea wenyewe.

Kengele ya lifti ikalia. Ghorofa ya nane.

Humo melini walimwita Chapuchapu, kwa ule mwendo wake. Kazi yake ilikuwa kupeleka chakula kwa abiria wasiotaka kutoka vyumbani, na meli ya starehe ina watu wa namna hiyo wengi kuliko unavyodhani. Mtu amesafiri kuja kuona bahari, halafu anafunga pazia anaagiza supu. Unagonga mara tatu, unasema, "Huduma ya chumbani!" unarudi hatua moja nyuma, unatabasamu. Usipotabasamu unaandikwa. Hata meno yakiuma, tabasamu.

Na mabaki hayaliwi. Hiyo ndiyo sheria iliyobandikwa kila ukuta kule chini. Hata kama abiria amelala na trei imerudi na kawa lake halijafunuliwa, inashuka mpaka chini kabisa, inamwagwa kwenye mashine ya kusaga, na kamera inakutazama mdomoni. Wafanyakazi wana chakula chao, wali ulioshikana kama udongo wa kufyatulia tofali na mchuzi wa vichwa vya samaki, wanakula chumba kisicho na dirisha. Miili ya wale samaki huwa imepanda juu.

Kwenye lifti hakuna kamera. Wiki tatu nzima Chapuchapu alikuwa akila malimau ya trei zinazoshuka, yale yaliyokwisha kamuliwa, na hakuna aliyejua. Kosa lake la leo ni hilo moja: trei ilikuwa inapanda.

Katika chumba chenyewe walikaa mke mwenye mimba na mumewe. Meli nzima ilimjua yule mama. Mara matango ya siki, mara barafu ya kutafuna, mara aiskrimu na chumvi, na jikoni wakacheka kwa mapenzi, "Mpelekeeni, anakula kwa wawili." Yule mama mwenyewe hakuwa na ubaya. Alipofunua kawa akacheka.

"Mwenzangu, limau langu liko wapi? Mtoto ataniua!"

"Naleta lingine sasa hivi, mama."

Mumewe hakucheka. Alinyanyua simu.

Saa sita mchana Chapuchapu aliitwa ofisini kwa msimamizi. Huyo wafanyakazi walimwita Bi Kengele, kwa sababu ya kichala cha funguo alichotembea nacho kiunoni, unamsikia kabla hujamwona.

"Funga mlango. Kaa. Hapana, simama. Limau limekwenda wapi?"

"Labda jikoni walisahau, dada."

"Mimi si dada yako humu ndani. Jikoni wanapiga picha kila trei kabla haijatoka. Hii hapa. Limau hili, unaliona?"

"Naliona."

"Una macho mazuri. Sasa nisikilize. Nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii. Nimekamata mwizi wa nyama, mwizi wa mvinyo, nimekamata mwanamume mzima ameficha kamba wa kukaanga kwenye soksi, mkia unamning'inia. Mwizi wa limau sijawahi kumwona. Umeacha keki. Umeacha chokoleti nne. Umekula limau na ganda lake."

Chapuchapu akatazama viatu vyake.

"Miezi mingapi?"

"Sijakuelewa."

"Nyanyua shati."

"Bi mkubwa, tafadhali."

"Nyanyua, au twende kwa daktari akunyanyulie."

Chini ya shati palikuwa na kitambaa cha meza, cheupe, chenye nembo ya meli. Amejizungushia mara nne na kukifunga kwa pini. Bi Kengele alikitazama muda mrefu, akawa kama anayetazama kitu cha zamani cha nyumbani kwao.

"Minne na nusu," Chapuchapu akasema. "Ni ya mume wangu, nilikuwa likizo. Siku ya kupimwa kabla ya kupanda meli haikuonekana."

"Nani amekuuliza ni ya nani? Ya nani haijazwi kwenye fomu. Mjamzito anashushwa bandari ya kwanza, basi. Na akishashushwa, haitwi tena. Hilo ulilijua?"

"Nilijua. Zimebaki wiki sita tu nimalize mkataba. Nikimaliza mwenyewe nitaitwa tena baada ya kujifungua. Mama yangu anakula kwa kazi hii, wanangu wawili wanakula kwa kazi hii. Hata mume wangu tangu kiwanda kifungwe..."

"Wote wanakula," Bi Kengele akasema. "Ila wewe unakula malimau."

Alijicheka mwenyewe, kisha akaacha ghafla. Akainama, na sauti nayo ikainama.

"Kesho asubuhi tunatia nanga. Meli inakaa kwa saa saba. Nyuma ya soko la bandari kuna nyumba ya bati la kijani, kuna mtu humo, ukitaja meli yetu hata hakuulizi shida yako. Nitakupa kadi ya kutoka. Ukirudi kabla ngazi haijapandishwa, ukiwa mwepesi, mimi sijaona limau wala ganda lake. Usiporudi, au ukirudi ulivyo, naandika."

"Minne na nusu, Bi mkubwa. Mtu anakufa."

"Yangu ilikuwa na mitano," Bi Kengele akasema. "Jioni ile ile nilikuwa nagonga milango. Huduma ya chumbani. Haya nenda, trei zinapoa."

Asubuhi meli ikatia nanga. Ngazi ikashushwa, abiria wakamiminika na kofia zao. Chapuchapu aliamka na nguo za kutokea tayari, lakini jikoni wakamshikilia na trei za asubuhi, na moja ya mwisho: keki ndogo ya pongezi, zawadi ya nahodha kwa yule mama wa ghorofa ya nane, na sahani nzima ya malimau yaliyokatwa kama maua. Jikoni kuna utaratibu wake: ya pongezi haipelekwi kimya kimya. Unaimba mlangoni, unapiga makofi, na aliyebeba ndiye anayeanzisha.

Akaimba. Sauti yake nzuri, hilo hakuna aliyewahi kulikataa. "Hongera mama, hongera," na wenzake wawili wakaitikia nyuma yake. Yule mama akatokwa machozi, akala kipande kimoja cha keki, akasukuma malimau pembeni.

"Hamu imekatika, unaamini? Tangu jana sitaki hata kuyaona. Njoo, njoo weka mkono, anacheza!"

Akaushika mkono wa Chapuchapu, akauweka juu ya tumbo lake kubwa lisilofungwa na kitu. Mtoto alirusha teke. Na Chapuchapu, chini ya kitambaa cha meza, akahisi wake naye amegonga, kidogo tu, mara ya kwanza tangu mimba itunge.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

"Una watoto?"

Mumewe akatazama saa. "Mwache afanye kazi yake," akasema, na Chapuchapu akatabasamu, akarudi hatua moja nyuma.

Lifti ilishuka. Malimau yalikuwa mbele yake, kumi na zaidi, hayajaguswa. Safari hii hakulinyanyua kawa.

Kule chini kabisa Bi Kengele alikuwa amesimama kati ya mashine na mlango wa ngazi, kadi ya kutoka mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Nje jua lilikuwa kali, na juu ya paa za soko lilionekana bati moja la kijani.

"Saa nne na nusu zimebaki," Bi Kengele akasema, akamnyooshea kadi.

Chapuchapu akanyoosha mkono. Kadi ikarudi nyuma.

"Mabaki kwanza."

Akamwaga keki. Akamwaga malimau, yote kwa pamoja. Mashine ikalia, ikayatafuna, tone moja likaruka likamwangukia juu ya mdomo. Juu ya ukuta taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka. Akaufumba mdomo, akaubana, akaliacha tone likauke lenyewe.